Siku Tulipowafuata Bakteria Njinjo

Kulea bakteria, wanangu, ni kazi ya jikoni. Msicheke. Nyinyi mnaoanza leo na mashine zinazojipimia joto zenyewe mnadhani kazi hii ilianza na koti jeupe. Sisi, kwenye kituo chetu kidogo cha utafiti wa kilimo nje ya Kilwa Masoko, tulianza na jiko la mafuta ya taa, sufuria kubwa ya presha, sukari, na mwiko ambao ole wake atakayeusongea ugali.

Tulikuwa tunalea bakteria wa karanga. Ng'oeni mche wa karanga mtazame mizizi: kuna vinundu vidogo kama upele. Humo wanaishi bakteria wanaochukua hewa na kuigeuza mbolea, bure, mkulima asinunue mfuko hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuwakuza kwenye mchuzi wao maalumu, kuwachanganya na vumbi la mkaa lililopikwa kwa mvuke, kisha kufunga vipakiti. Mkulima analowesha mbegu kwa maji ya sukari, anazigaragaza kwenye vumbi, kivulini, na kuzifukia siku ileile kwenye udongo wenye unyevu. Kivulini, nasema tena, kwa sababu bakteria wa kawaida akikaa juani muda wa kunywa chai, umebaki na mkaa.

Aliyenifundisha ni Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, mtu mfupi aliyekuwa akiimba besi kanisani. Wiki yangu ya kwanza sahani zangu zote za kukuzia zilishika ukungu, kijani na kijivu, kama mkate uliosahauliwa kabatini. Hakunigombeza. Alikuja tu akasimama nyuma yangu wakati namimina, nami nilikuwa namsimulia mwenzangu habari za harusi ya Kivinje.

"Binti Somoe," akasema, "bwana harusi alivaa nini?"

"Kanzu nyeupe na joho, mzee."

"Basi na yeye yumo humo kwenye sahani, na joho lake. Kila neno unalosema linatua na mate."

Tangu siku hiyo nikijua kufunga mdomo, ni mbele ya sahani tu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema angenunua sahani moja aiweke nyumbani.

Sasa niwaeleze shida yetu, maana yote niliyokusudia kuwasimulia yalitoka humo. Bakteria wetu walikuwa wanakufa njiani. Vipakiti vilipanda juu ya malori, juu ya magunia ya chumvi, vikapigwa na jua hadi vijiji vya ndani. Vilipofika vilikuwa vumbi tupu. Akina mama wa Njinjo walituambia usoni: "Mnatuuzia mkaa. Mkaa tunao." Na hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Chama cha ushirika kilichokuwa kikichukua vipakiti vyetu kilibaki milango na popo. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wakizunguka na mizani zao wakitafuta ufuta na korosho, na sisi tukaambiwa tujitegemee au kituo kitafutiwe mnunuzi. Wenzetu kadhaa walikwisha kupunguzwa. Ukisikia mlango wa ofisi ya Mkuu wa kituo unafunguliwa, kila mtu anainamia kazi yake.

Ndipo akaja Daktari Mbonde. Si daktari wa hospitali, ni wa masomo. Alikuwa mzaliwa wa Njinjo, mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Tabu. Alitoka masomoni ng'ambo na vichupa vidogo alivyovibeba kama mtu aliyebeba mayai.

Alitueleza hivi. Kuna mimea inayoota miambani, kiangazi inakauka hadi inavunjika mkononi, na mvua ikinyesha inarudi kijani kana kwamba haikuwa yenyewe. Inajikinga kwa protini zinazoshikilia seli zisiharibike zinapokosa maji. Maagizo ya kutengeneza protini hizo yamo kwenye jeni za mmea. Yeye na wenzake walikuwa wamechukua jeni moja ya mmea wa namna hiyo wakaipandikiza ndani ya bakteria wa karanga.

"Kwa hiyo bakteria amekuwa jani?" nikamwuliza.

"Hapana, dada Somoe. Ameazima mwavuli wa jani tu."

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ukipandikiza jeni, katika bakteria wengi kupita kiasi ni wachache wanaoipokea. Utawajuaje? Njia waliyoitumia ilikuwa kuifunga jeni hiyo pamoja na nyingine, ya kuhimili dawa. Halafu unawamwagia wote dawa. Atakayebaki hai ndiye aliyepokea. Na dawa waliyotumia ilikuwa ndugu wa ile tuliyoimeza sote tukiugua, vile vidonge vya rangi mbili. Kwa hiyo bakteria wetu mpya alijua mambo mawili: kuvumilia jua, na kuvumilia dawa ya hospitali.

Tukawaweka kwenye chumba cha joto, chumba kisicho na dirisha, mlango wa chuma, kipasha joto ndani. Vipakiti vya bakteria wa kawaida tukavitia alama ya bluu, wale wapya nyekundu. Tukawakausha pamoja, tukawachoma kwa joto lililozidi la juu ya lori, kisha nikawalowesha na kuwapanda kwenye sahani. Sahani za bluu zilibaki tupu. Za nyekundu zilijaa vidoa vyeupe kama matone ya maziwa. Mimi nilipiga kigelegele, mate na yote. Daktari hakufurahi kama nilivyotarajia. Aliishika sahani muda mrefu.

"Dada Somoe," akasema, "hawa wa kawaida tukikosea, jua linatusahihishia. Huyu jua halimwezi. Hatoki humu mpaka nimtengeneze mwingine asiyekuwa na ile jeni ya dawa, na wenye mamlaka waseme ndiyo."

Sheria ya mambo hayo ilikuwa bado haijakaa sawa wakati ule. Kufuli letu ndilo lililokuwa sheria. Mimi nilikuwa na ufunguo, Daktari alikuwa na ufunguo, na wa akiba ulining'inia ofisini kwa Mkuu.

Asubuhi moja nilipofungua chumba cha joto, rafu ya nyekundu ilikuwa wazi. Nilidhani Daktari ameipanga upya. Nikamwita. Alipoiona alitoka mbio, nami nyuma yake, hadi kwa Mkuu.

"Vipakiti vya chumba cha joto viko wapi?"

Mkuu wetu hakuwa mtu mbaya, naomba mlijue hilo. Alikuwa amechoka. Akatabasamu, akasema, "Vimekwenda kufanya kazi. Dereva Hamisi amevipeleka Njinjo jana, njia yake ya kwenda Liwale. Wageni wanaokuja kuamua kama kituo kibaki au kiuzwe watafika karanga zikiwa na maua. Nataka wakute shamba, wasikute sahani."

"Mkuu, nilisema kwenye kikao kwamba havitoki!"

"Ulisema havitoki *bado*. Wakati tunaingoja hiyo bado yako, hawa watu wangu watakula nini?"

Daktari alishika ukingo wa meza. "Amepewa nani?"

"Kikundi cha akina mama. Cha shangazi yako." Tabasamu likaanza kumwisha. "Nilidhani utafurahi."

Nikatazama nje. Upande wa bara wingu lilikuwa limesimama, jeusi kwa chini. Mvua za kwanza. Mkulima wa karanga akiona wingu lile hangoji kuambiwa.

Gari la kituo ndilo alilokwenda nalo Hamisi. Ilibaki pikipiki moja. Nilipanda nyuma ya Daktari, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, buibui nimelifunga kiunoni, ndoo begani, mifuko ya nailoni shingoni. Tulipopita Nangurukuru watu wa pale njia panda wakapiga kelele, "Daktari kaoa tena!" Siku nyingine ningewajibu, na jibu lingewatosha. Siku ile nilikuwa nikilitazama wingu. Kila tulipopanda kilima lilikuwa limesogea.

Niwaambie ukweli, njiani nilianza kubishana moyoni. Mbona tunakimbia? Si ndicho wanachokihitaji wale wanawake? Si kwa ajili yao tulikesha? Nilimwuliza Daktari kwa sauti, upepo ukaichukua, au alijifanya haukuileta.

Njinjo tuliwakuta barazani kwa bwana shamba, akina mama kumi na kitu, nyungo magotini, mbegu za karanga zimeshapakwa vumbi, nyeusi, zinang'aa kwa maji ya sukari. Bi Tabu alikuwa katikati, mwanamke mrefu, khanga kifuani, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Umekuja mwenyewe kutuonyesha!" Akanyanyua ungo. "Tazama. Safari hii vumbi lenu lina nguvu. Bwana shamba katuambia hata jua linalikimbia."

"Shangazi, msipande."

Alidhani ni mzaha. Wote walidhani ni mzaha. Daktari aliporudia, kelele ikaanza.

"Mbegu tumeshazilowesha! Tukizirudisha ghalani zitaoza!"

"Miaka yote mmetuletea vumbi lililokufa, hamkuja mbio. Leo mmeleta lililo hai, mnakuja kutunyang'anya!"

"Mmepata tajiri wa kumwuzia," akasema mmoja kwa utulivu, na huo utulivu ulichoma kuliko kelele.

Daktari alianza na Kiswahili cha masomo. Nikaona nyuso zinajikunja. Akachuchumaa chini mbele yao, akaanza upya kwa Kimatumbi. Mimi ni wa Kivinje, nilishika neno moja tu mara kwa mara: rangi mbili, rangi mbili. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamkatiza kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie, niwe shahidi.

"Unasema mtoto akiugua, kile kidonge hakitamfaa?"

"Sisemi hivyo. Nasema sijui. Bakteria wanapeana vitu, kama majirani wanavyopeana kaa la moto. Huyu anaweza kumpa bakteria wa ugonjwa ujuzi wake wa kuikataa dawa. Pengine isitokee kamwe. Lakini nikimwacha kwenye udongo wenu, sina njia ya kumwita arudi."

Mama yule akaweka ungo wake chini, akausukuma kwa mguu. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Nilikusanya mbegu kwenye mifuko ya nailoni na kila kiganja kilikuwa kizito. Zile zilikuwa mbegu walizojinyima kuzila tangu mavuno.

Bi Tabu hakusukuma wake. "Mimi nimeshapanda," akasema.

Daktari akasimama. "Umepanda lini?"

"Asubuhi. Ile kona ya bondeni. Nilitaka yako iwe ya kwanza kuota."

Kona yenyewe haikuwa kubwa, lakini ilikuwa mahali pabaya kuliko pote: chini yake kulikuwa na kijito, na kijito kile kinakwenda Mto Matandu. Ngurumo zilikuwa zimeanza. Bwana shamba akaleta mapipa ya mafuta yaliyokatwa nusu, tukayawasha moto kama wakaanga korosho. Daktari akawa anachimba mistari, anatoa mbegu na udongo wake kina cha kiganja, mimi naingiza kwenye mifuko ya chumvi, vijana wanabeba hadi kwenye moto. Kama mtahitaji siku moja kuua kila kilicho hai kwenye udongo na hamna mashine, fukieni kiazi kitamu katikati yake. Kiazi kikiiva hadi ndani, udongo umeiva. Sisi tulitumia viazi vingi siku ile, na hakuna aliyethubutu kuvila, isipokuwa mbuzi mmoja aliyefukuzwa na kijiji kizima.

Bi Tabu alisimama pembeni, mikono imekunjwa, akitutazama tunavyolichimbua shamba lake. Tone la kwanza lilinianguka shingoni. Mistari mitatu ilikuwa imebaki. Nikageuka kumtazama Daktari, nikaona jembe lake linapiga pembeni.

Ndipo Bi Tabu alipotwaa jembe lake mwenyewe. Hakuja kwetu. Alishuka chini ya kona, kati ya shamba na kijito, akaanza kuchimba mtaro wa kukinga maji. Hakuna aliyemwagiza. Alichimba kwa hasira, udongo ukiruka hadi begani, na wenzake wawili wakaingia nyuma yake. Mvua ilipomwagika, tulikuwa tumetoa mfuko wa mwisho. Maji yalitelemka mekundu, yakajaa ule mtaro hadi ukingoni, yakasimama pale. Hayakuvuka. Au tuliamini hayakuvuka, maana katika mvua ya namna ile nani anaweza kuapa?

Kituo kiliwarudishia mbegu, wakapanda wakiwa wamechelewa. Mkuu alisimama mbele ya wale wageni akaeleza mwenyewe alichokifanya, bila kumtaja dereva wala mtu mwingine. Alihamishwa. Kituo hakikuuzwa, kilipunguzwa tu. Aliyeumia ni Bi Tabu. Neno lilikuwa limetembea. Alipoleta karanga zake njia panda Nangurukuru, karanga zilizotoka shamba lingine kabisa, wanunuzi walizipita. "Hizo za ugonjwa," walisema. Watu waliomfahamu tangu usichana wake. Na ile kona tulimwomba aiache bila kulimwa hadi tuseme sawa. Aliiacha. Sisi tulipokuja kuchukua udongo, alitukaribisha, akatupa maji, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Kuchukua udongo nako kuna ufundi wake. Usichukue pale panapokupendeza. Chukua pale unapopaogopa. Sisi tuliogopa mtaro na ukingo wa kijito, tukachukua huko kila msimu, chini na juu, kila kifuko na jina lake. Maabarani nikaupanda kwenye sahani zenye dawa ya rangi mbili. Msimu wa kwanza hapakuota wa kufanana na wetu. Wa pili pia. Daktari akaanza kulala, nadhani.

Msimu wa tatu, sahani ya udongo wa mtaroni iliota vidoa vyeupe kama matone ya maziwa.

Sikumwita haraka. Nilikaa kwenye kiti nikavitazama. Nilipomwita alikuja, akainama, akaweka kalamu mezani taratibu.

"Huenda si wetu," nikasema. "Udongoni kuna wengine wanaohimili dawa tangu zamani, wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Huenda," akasema. "Njia ya kujua ni moja."

Kama ni wetu, ana mwavuli. Kama ni wa mwituni, hana. Tukawachanganya na vumbi la mkaa, tukawaweka kwenye chumba cha joto pamoja na wale wa bluu na wale wa nyekundu tuliobaki nao kichupani, tukafunga mlango. Wanangu, nimelea bakteria maisha yangu yote, nimewaombea waote, nimewaimbia. Hiyo ndiyo mara pekee niliyokaa nje ya mlango nikiomba kiumbe afe. Daktari hakunyoa ndevu. Alikuwa akija anaweka kiganja kwenye ule mlango wa chuma, anauonja joto, anaondoka.

Muda ulipotimia nikawalowesha, nikawapanda, tukangoja sahani. Wa nyekundu waliota. Wa bluu hawakuota. Wa mtaroni: sahani safi, kama imetoka kuoshwa. Nilirudia, kwa sababu tuliogopa kuamini. Safi.

Tulikwenda Njinjo siku ileile ya jibu. Bi Tabu alikuwa barazani kwake anabangua karanga, peke yake. Daktari akakaa chini kwenye mkeka, akamweleza yote: sahani iliyoota, chumba, kungoja, na jinsi walivyokufa. Alimaliza, akangoja.

Bi Tabu aliendelea kubangua. "Na wasingekufa?"

"Shangazi, wamekufa."

"Nimesikia. Nakuuliza, wasingekufa?"

Daktari aliokota ganda moja mkekani, akalivunja. Nilitaka kumsaidia, nikakumbuka si pahala pangu.

"Ningekuja hivihivi," akasema hatimaye. "Ningekuambia kwamba kile nilichokileta kimeliharibu shamba lako, na sijui namna ya kulitengeneza."

"Ungekuja?"

"Ningekuja."

Bi Tabu akaziweka karanga chini, akafuta mikono kwenye khanga.

"Basi hilo ndilo nililokuwa nangoja," akasema. "Mambo ya kufa kwao ni yenu huko. Mimi nilitaka kujua kama niliyemlea angekuja."

Akaingia ndani, akatoka na kapu la mbegu, akanipa mimi, akampa yeye jembe. Tukashuka bondeni sote watatu, hadi ile kona. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni.